Masega ya Gari Kuukuu: Kabla Hujayabadilisha, Tafuta Kilichoyaua

Jirani yangu wa Fuoni, hapa Unguja, ana gari ya petroli ambayo imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 200,000, na kwa miaka mingi imekuwa ikimpeleka kazini, skuli za watoto na shamba bila ya kumsumbua. Siku moja taa ya injini iliwaka, akaipeleka gereji, na mashine ya kusomea hitilafu ikatoa namba P0420, inayohusu masega, yaani kifaa cha kusafishia moshi wa gari. Fundi wa kwanza alimwambia, "Ami, masega yamekufa, tuyatoboe tu, gari itapumua." Fundi wa pili alimwambia anunue mengine mapya, akamtajia bei iliyomrudisha nyumbani kichwa chini. Wote wawili walizungumza kwa uhakika, na hakuna kati yao aliyefungua plagi moja wala aliyechomoa kijiti cha kupimia oili. Naandika makala haya kwa sababu ya jambo hilo hasa: masega hayafi kwa uzee pekee, mara nyingi huuliwa na ubovu wa sehemu nyengine ya gari, na mwenye kuyabadilisha bila ya kumtafuta muuaji atayanunua tena.

Masega ni mkebe wa chuma uliofungwa kwenye bomba la moshi, baina ya injini na sailensa. Ndani ya mkebe mna tofali la kauri lenye maelfu ya vijitundu vyembamba vilivyonyooka, kwa kawaida kiasi cha vijitundu 400 katika kila inchi moja ya mraba, na ndiyo maana mafundi wetu wakakipa kifaa hiki jina la masega ya nyuki, jina ambalo naliona linaeleza vizuri zaidi kuliko lile la kitaalamu la katalitiki konveta. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa tabaka la oksidi ya aluminiamu lenye vinyweleo vingi, na juu ya tabaka hilo zimetawanywa chembechembe ndogo mno za platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini haya hayaungui wala hayaishi kwa kutumika. Yanafanya kazi ya kichocheo, yaani yanaziwezesha gesi zinazopita juu yake kubadilika kwa haraka na kwa joto la chini kuliko ambavyo zingebadilika zenyewe.

Gesi zinazohusika ni za aina tatu. Kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kiasi cha mara 200, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Haidrokaboni, ambazo kwa lugha nyepesi ni petroli ambayo haikuungua sawasawa, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Oksidi za naitrojeni, zinazochoma mapafu na kuchangia ukungu mchafu wa mijini, hupasuliwa na kurudi kuwa naitrojeni ya kawaida, na hapa rodiamu ndiyo mtendaji mkuu. Masega mazima yaliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi zote tatu. Neno la kuzingatia hapo ni moto: chini ya nyuzi joto 250 hadi 300 za Selsiasi hayafanyi kazi ya maana, na ndiyo maana watengenezaji huyaweka karibu na injini kadiri wanavyoweza. Kwenye magari mengi madogo yameunganishwa moja kwa moja na manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi unapotoka kwenye injini.

Kazi hizo tatu zinapingana. Mbili zinahitaji oksijeni na moja inahitaji oksijeni iwe chache, kwa hiyo zote zinawezekana kwa pamoja pale tu injini inapochanganya hewa na petroli kwa uwiano unaokaribia sana kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ya kabureta haiwezi kuushikilia uwiano huo kwa muda mrefu. Ndiyo maana masega ya gesi tatu yalikuja pamoja na sensa ya oksijeni, inayonusa moshi na kuiambia kompyuta ya injini iongeze au ipunguze petroli. Volvo iliuza magari ya namna hiyo California kuanzia modeli za mwaka 1977, ikitumia sensa ya Bosch. Kwa maana hiyo masega hayajitegemei. Ni kiungo cha mwisho cha mnyororo wenye plagi, koili, nozeli, sensa na kompyuta, na kosa la kiungo chochote cha mwanzo huishia kwayo.

Sasa tuje kwenye vifo vyenyewe.

Kifo cha kasi kuliko vyote kinatokana na injini kumisi. Plagi ikichoka au koili ikianza kukata, silinda moja inaingiza petroli bila ya kuiwasha, na petroli hiyo mbichi pamoja na hewa yake inasukumwa hadi kwenye masega, ambako inakuta joto na kichocheo tayari. Inaungua humo humo. Joto la kawaida la masega ya gari inayokwenda ni baina ya nyuzi 400 na 800, lakini petroli ikiungulia ndani linaweza kupanda mpaka tabaka lenye madini likaharibika, na likizidi, kauri yenyewe ikayeyuka na kuziba vijitundu kama nta iliyomwagwa juu ya sega. Watengenezaji wanaijua hatari hii vyema, na kwa sababu hiyo taa ya injini kwenye magari mengi huacha kuwaka tu na kuanza kumeta pale injini inapomisi kwa kiwango cha kuyaua masega. Taa inayometa si ya kuahirishwa hadi mshahara ujao. Dereva anayeendelea kutoka Paje mpaka Mjini huku gari inatetemeka na taa inameta anaweza kuwa ameokoa bei ya koili moja na kupoteza bei ya masega katika safari hiyo hiyo.

Kifo cha pili ni cha polepole, nacho ndicho ninachokiona zaidi katika magari yetu: injini kula oili. Ringi za pistoni zikilegea au sili za valvu zikikauka, oili inapenya kwenye chumba cha kuunguzia na kutoka na moshi. Oili ya injini ina viambato vya fosforasi na zinki vinavyokinga vyuma visisagane, na viambato hivyo haviungui vikatoweka, bali vinakwenda kutanda juu ya platinamu na wenzake na kuwafunika. Ukiyatazama masega ya namna hii kwa tochi utayaona mazima kabisa, vijitundu viko wazi, hakuna kilichovunjika wala kuyeyuka, ila kichocheo kimezikwa chini ya majivu. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, iliyofungwa kwenye baadhi ya RAV4, Allion na Wish za mwanzoni mwa miaka ya 2000, inajulikana na mafundi wa nchi nyingi kwa tabia hiyo ya kula oili, na magari hayo tunayo kwa wingi katika barabara zetu. Mwenye gari ya aina hiyo apime oili kila wiki na aandike anachoongeza. Daftari hilo dogo litamweleza hali ya masega yake mapema kuliko mashine yoyote.

Maji ya rejeta nayo yana sumu yake. Gasketi ya silinda hedi ikivuja kidogo kidogo, viambato vya silika vilivyomo katika baadhi ya dawa za kupozea injini vinafika kwenye sensa na kwenye masega na kuacha utando mweupe. Vivyo hivyo baadhi ya gundi za silikoni ambazo fundi hupaka kwenye gasketi: zile ambazo kopo lake halikuandikwa kuwa ni salama kwa sensa hutoa mvuke unaoidhuru. Kisha kuna vifo vya ajali, kama vile jiwe au tuta linalougonga mkebe kwa chini na kuipasua kauri, na maji baridi ya masika yanayouzamisha mkebe ulio moto sana pale gari inapovuka barabara iliyotuama maji. Kauri ni kauri, hata iwe imefungwa ndani ya chuma.

Zamani palikuwa na muuaji mwengine mkubwa kuliko hawa wote, nao ni madini ya risasi yaliyotiwa ndani ya petroli. Eugene Houdry, mhandisi wa Kifaransa aliyehamia Marekani, alikuwa amekwisha kubuni masega ya magari katika miaka ya 1950, lakini ubunifu wake haukuweza kufungwa kwa wingi kwa sababu risasi iliyakaba masega kwa muda mfupi. Marekani ilianza kuyatumia kwa wingi katika modeli za mwaka 1975, baada ya kuleta petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na ilipofika mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekoma kuuzwa katika eneo hili. Naamini hapo ndipo ilipo sehemu ya chanzo cha desturi ya kutoboa masega: gari iliyoshushwa katika bandari yetu ya Malindi, Unguja, katika miaka ya 1990 ilinyweshwa petroli iliyoua masega yake, yakaziba, na fundi aliyeyatoboa alikuwa anaiokoa injini. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake wakati ule. Leo haina tena, lakini desturi imebaki.

Turudi kwenye namba P0420, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Namba hii haisemi kwamba masega yamekufa. Inasema kwamba kompyuta imelinganisha sensa ya mbele ya masega na sensa ya nyuma yake, na haikuridhika na tofauti iliyoiona. Masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa kwa utulivu, kwa hiyo usomaji wa sensa ya nyuma hutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7, wakati sensa ya mbele ya aina ya zamani inapanda na kushuka baina ya volti 0.1 na 0.9. Masega yakichoka, sensa ya nyuma huanza kuiiga ya mbele. Lakini sensa ya nyuma inaweza kuhadaika. Ufa kwenye bomba au gasketi iliyoungua, mbele ya sensa au karibu nayo, hufyonza hewa ya nje baina ya mipigo ya moshi, na sensa ikaiona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Kwetu sisi, ambao magari yanalala karibu na bahari na upepo wa kaskazi unayapulizia chumvi, kutu kwenye viungio vya bomba la moshi ni jambo la kila siku, na kwa hiyo uvujaji ni wa kutafutwa kabla ya kitu chochote chengine. Injini ikiwa bado baridi, fundi aiwashe, azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na asikilize wapi panapopuliza.

Niongeze pia kwamba baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana sensa moja tu, ile ya mbele. Gari hizo haziwezi kukupa namba P0420 hata kama masega yamegeuka majivu, na kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi wa salama.

Vipimo vya fundi makini si vingi na havihitaji vifaa vya ajabu. Agonge mkebe taratibu kwa nyundo ya mpira akisikiliza kama kuna vipande vinavyocheza ndani. Apime joto la bomba mbele na nyuma ya masega kwa kipimajoto cha mwanga, gari ikiwa imekwisha kutembea vya kutosha. Nyuma panatakiwa pawe pamoto kuliko mbele, ingawa kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwani injini inayounguza petroli vizuri huyapa masega kazi ndogo na tofauti ya joto ikawa ndogo pia. Kwa gari inayolalamikiwa kukosa nguvu, inayopandisha mlima kwa tabu na kuchoka inapokanyagwa, kipimo cha maana zaidi ni cha mgandamizo wa moshi ndani ya bomba: sensa ya mbele inafunguliwa, geji inafungwa mahala pake, na injini inapandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikizidi psi 3, moshi umekwama mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye masega, japokuwa sailensa iliyooza ndani nayo huweza kuziba. Harufu ya mayai viza inayotoka nyuma ya gari ni dalili ya salfa ya petroli na ya mchanganyiko uliozidi petroli; ni ya kuchunguzwa, lakini haihukumu peke yake.

Gari ya jirani yangu haikuwa na ufa wala kizuizi. Tulipochomoa kijiti cha oili tukakuta imepungua karibu lita nzima tangu ilipobadilishwa, na plagi moja kati ya nne ilikuwa nyeusi na yenye unyevu wa oili. Masega yake yalikuwa yamekufa kweli, kwa hiyo mafundi wote wawili walikuwa sahihi kwa nusu. Nusu nyengine ni kwamba masega mapya katika injini ile yangepakwa majivu yale yale tangu siku ya kwanza. Nilimshauri fedha zake zitangulie kwenye sili za valvu na ringi, na gari iendelee kutembea na masega yake ya zamani, ambayo hayakuwa yameziba, mpaka injini itengemae. Ushauri huo haukumfurahisha, kwa kuwa ulimaanisha kutumia zaidi, lakini sioni njia nyengine ya haki kwa mwenye gari.

Kuhusu kutoboa, nilitazame jambo lenyewe kama lilivyo. Gari ya kawaida ambayo masega yake hayajaziba haipati nguvu ya maana kwa kutobolewa. Inachopata ni kelele, harufu, taa isiyozimika ikiwa ina sensa ya nyuma, na moshi wenye kaboni monoksaidi kamili. Tukumbuke kwamba sakafu za magari yetu kuukuu nyingi zimetobolewa na kutu, na kwamba watoto hukaa nyuma. Nje ya gari, moshi huo unatoka mbele ya watu waliosimama vituoni wakisubiri daladala, na katika njia nyembamba za kuingilia Mji Mkongwe ambamo hewa haina pa kukimbilia. Kuna tofauti kubwa baina ya mtu anayeendelea na masega yaliyochoka huku akijipanga, na anayeyatoa masega mazima kwa makusudi.

Na mara nyingine makusudi hayo si ya mwenye gari. Madini yaliyomo yana bei kubwa, na rodiamu, ambayo sehemu kubwa yake inachimbwa Afrika Kusini, ilifikia karibu dola 30,000 za Marekani kwa wakia moja mwaka 2021. Masega moja yana gramu chache tu za madini hayo yote kwa pamoja, lakini yanatosha kuwavuta wanunuzi. Gari ikiachwa gereji kwa kazi ya sailensa, mwenyewe aulize kabla na baada masega yako wapi, na akipenda apige picha chini ya gari.

Ukiamua kununua, una njia tatu. Masega halisi ya mtengenezaji ndiyo ghali na ndiyo yanayodumu. Masega mapya ya watengenezaji wengine ni nafuu, ila mengi yamepunguziwa madini, na yale duni sana huweza kuiwasha tena taa ndani ya muda mfupi. Uliza yametengenezwa kwa injini ya gari ipi, na uyakatae yale ambayo muuzaji anasema yanafaa gari yoyote bila ya kujua hata ukubwa wa injini yako. Njia ya tatu ni masega yaliyotumika kutoka gari iliyokatwa. Mimi siichukii njia hii, kwa sababu gari iliyotoka Japani imepitia ukaguzi wa huko, ambao hupima kaboni monoksaidi na haidrokaboni kwenye moshi, na masega yake huenda yana uhai mrefu uliobaki. Sharti ni kuyatazama kwa tochi pande zote mbili, vijitundu viwe vimenyooka na vya rangi moja, visiwe na masizi meusi yenye mafuta, na mkebe ukitikiswa usilie. Dawa za kumwaga kwenye tangi zinazouzwa kwa ahadi ya kuyafufua masega zinaweza kulainisha masizi kidogo. Haziondoi fosforasi, na haziwezi kuirudisha kauri iliyoyeyuka.

Kufunga kwenyewe kunahitaji subira kuliko ujuzi mkubwa. Bolti za bomba la moshi katika visiwa hivi hazifunguki kwa hiari. Zipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na pale zitakapokatika zichimbuliwe na kutiwa mpya, kwani bolti ya zamani iliyolazimishwa ndiyo uvujaji wa mwezi ujao. Gari iachwe ipoe kabisa, na iwekwe juu ya stendi imara, isitegemewe jeki peke yake. Gasketi ziwe mpya. Mshale uliochorwa kwenye mkebe uelekee nyuma ya gari, upande moshi unakokwenda. Ikiwa ni wa kuchomelea, betri ifunguliwe kwanza ili kompyuta isidhurike, na mkebe ukae pale pale ulipokaa wa zamani, kwa kuwa ukisogezwa nyuma utachelewa kupata moto. Bati la kukinga joto lirudishwe hata kama linapiga kelele, likazwe. Wenye mashamba wanaoegesha gari juu ya majani makavu na makuti wana sababu zaidi ya kulisisitiza hilo, maana mkebe uliotoka safarini unaweza kuwasha moto chini ya gari na mwenyewe yumo ndani anakunywa maji.

Baada ya kazi, kuzima taa kwa mashine si mwisho. Kompyuta inahitaji safari ya kweli ili ijipime upya, yenye mwendo wa utulivu usiokatika katika, na barabara ya Mjini hadi Nungwi au ya Chake Chake hadi Konde inafaa zaidi kuliko wiki nzima ya foleni za Mwanakwerekwe. Fundi apande pamoja na mashine yake, aitazame sensa ya nyuma gari ikiwa imepata moto, na usomaji ukitulia mstari mmoja, basi kazi imekamilika. Mkebe wa zamani ukabidhiwe mwenye gari. Ni mali yake na una thamani yake kwa wanunuzi, na asikubali uvunjwe mbele ya watu bila ya kuziba pua, kwa sababu vumbi la kauri ile si la kuvutwa kifuani.